Baba Aliyejibu Swali kwa Swali

Juma lililopita stima ilipotea kwenye ghorofa tunapoishi, na jirani yangu wa chini akaenda kununua jiko jipya la makaa. Aliliwasha kwenye kibaraza chake, harufu ikapanda ngazi mpaka kwangu. Nyinyi wa rika langu mliokulia Kibera mnaijua harufu hiyo: udongo ambao haujakauka sawasawa, rangi ya mafuta inayoungua kwenye bati, halafu makaa yenyewe yanapoanza kushika. Nasikia kuna watu ambao harufu hiyo huwatia njaa. Mimi niliacha chai mezani, nikashuka ngazi bila viatu, na kabla hata ya kumsalimia yule mama nikamuuliza, "Hilo jiko ni la kufanyia nini? Leo litalala wapi?" Alinicheka. Akaniambia ni la kuchoma mahindi tu, kwani siku hizi mimi ndiye mwenye ploti? Nikacheka naye, nikarudi juu kwenye chai iliyopoa.

Baba yangu alikuwa fundi wa majiko Laini Saba, humo humo Kibera, kando ya reli. Kibanda chake kilikuwa na paa la bati lililoshikiliwa na nguzo nne, bila ukuta hata mmoja. Alinunua mapipa matupu ya mafuta, akayapasua kwa patasi na nyundo, akayakunja, kisha akayatia udongo wa kuchomwa ndani. Kelele za nyundo yake zilianza kabla ya jogoo wa watu kumaliza kuwika. Mama aliuza dagaa wa omena mtaa jirani wa Kisumu Ndogo, na mimi, mtoto wa kwanza, wa miaka kumi, kila likizo na kila Jumamosi nilishinda kibandani nikipaka majiko rangi ya fedha. Nilipaka majiko, nikapaka na vidole, na Jumatatu mwalimu angenitambua kwa kucha.

Watu walimletea Baba maswali kuliko walivyomletea kazi. Pale kwetu kulijaa wageni waliofika juzi kutoka upande wa ziwa, watu waliozoea kuni na mafiga matatu, na jiko la makaa lilikuwa jambo jipya kwao. "Fundi, hii kitu huwashwa aje?" "Fundi, mbona yangu inanilizisha?" Baba hakujibu. Aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwenye suruali, akauliza na yeye. "Unapikia wapi?" "Unataka kupika nini?" "Mnalala wangapi huko ndani?" "Iko na dirisha?" Kuna mzee mmoja alifura, akasema, "Mimi nimeuliza jiko, wewe unaniuliza mambo ya nyumba yangu. Wewe ni fundi ama ni chifu?"

Kusema kweli, nilimwonea Baba aibu. Nilikuwa na hesabu yangu kichwani na sikuwa nimemwambia mtu. Shuleni, aliyejua alijibu. Mwalimu akiuliza, kidole changu kilikuwa hewani kabla hajamaliza, na nikipata, darasa liliamrishwa linipigie makofi ya kilo. Asiyejua ndiye aliyezungukazunguka, "Mwalimu, ati umesema?", akitafuta muda. Baba hakuwa amevuka darasa la nne. Basi nikaunganisha mambo mawili ambayo hayakuwa na udugu wowote: nikaamua kwamba Baba huuliza maswali kwa sababu hajui majibu, na kwamba watu wote wa reli wanalijua hilo, wanamfichia tu kwa heshima.

Safari ya Kawangware ndiyo iliyonithibitishia. Kulikuwa na bibi mmoja huko, mwenyeji wa zamani, mwenye ploti na hoteli ndogo ya mabati, ambaye kila mtu alimwita Cucu, yaani nyanya. Alikuwa ametuma habari kwamba anataka jiko kubwa kuliko yote Baba aliyowahi kutengeneza. Tulikwenda kupima. Njia nzima nilikuwa nikiliwaza jiko hilo, jinsi nitakavyolipaka.

"Hili langu halina nguvu," Cucu akasema. "Nitengenezee mara mbili yake."

"Sawa, Cucu. Kwani shida inakuwa saa ngapi?"

"Shida gani? Nimekuambia jiko."

"Wateja wanakuja saa ngapi?"

Cucu akapumua kwa nguvu, akasema vibarua wa mjengo huja saa saba, na saa saba maharagwe bado ni mawe, wanaenda kwa jirani. Baba akaomba kuonyeshwa maharagwe. Akayashika, akatafuna moja, akauliza huyaloweka lini. Cucu hakuwa anayaloweka. Baba akamwambia ayaloweke tangu jana yake, abadilishe maji, na juu ya kifuniko cha sufuria aweke jiwe. "Jiko lako ni zima," akamwambia. "Ukinunua lingine kubwa utamaliza makaa na watu wa mjengo bado wataenda kwa jirani." Tukarudi Laini Saba bila kazi. Cucu alitupatia mkungu wa ndizi, na Baba alitembea akipiga mbinja. Mimi nilinuna mpaka Kibera. Umeulizwa jiko, unajibu maharagwe! Niliona amekosa kujua namna ya kutengeneza jiko kubwa, akajificha nyuma ya sufuria.

Haya nayaandika ili mjue nilikuwa mtoto wa namna gani siku ile ya Agosti. Sikuwa mtoto mbaya. Nilikuwa na kiherehere, na nilimpenda baba yangu kwa namna ya kumhurumia.

Baridi ya mwaka huo ilikuwa ya kuuma. Watu walikuwa wakiziba matundu ya mabati kwa magunia na makaratasi ya katoni, na hata kwetu Mama alikuwa ametia vitambaa kila mahali palipoingiza mwanga. Jumamosi moja Baba alienda Kawangware kutafuta mapipa. Aliniacha kibandani, akaniambia maneno yale yale aliyoniambia kila mara: "Mtu akiuliza bei, mwambie. Akiuliza kitu kingine, mwambie angoje mimi."

Adhuhuri alikuja mwanamke kijana. Sikuwa ninamjua. Alivaa sweta ya kiume iliyomzidi, mkono mmoja ameutia ndani ya sweta kifuani, amekumbatia kitu. Nilidhani ni unga, au sukari aliyotoka kununua na anaogopa kunyang'anywa, maana wageni huwa wanaambiwa Nairobi ina wezi. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyekuja juzi.

"Fundi yuko?"

"Ameenda Kawangware. Lakini mimi niko."

Akanitazama, akatazama njia ya reli, kama anayepima atangoja ama hatangoja. Kisha akaniambia kwamba ana jiko la Baba, mume wake alilinunua mwezi uliopita, ni jiko zuri. Shida ni makaa. "Inazima mapema. Mimi nataka ikae mpaka asubuhi. Nitafanya aje?"

Hilo nililijua. Nilikuwa nimemwona Baba akifanya mara nyingi, hapo nje kibandani, alipoacha makaa ya kuanzia kazi ya kesho. Nilisimama. Nilimweleza kama ninavyojibu mwalimu, bila kusitasita: jaza jiko mpaka juu, ngoja makaa yashike yote yawe mekundu, chukua majivu laini, yafunike kabisa yasionekane, halafu ule mlango mdogo wa chini ufunge, bakisha nafasi ya kidole kimoja tu.

Alirudia kwa kuhesabu vidole vya ule mkono uliokuwa huru. Kujaza. Kushika. Majivu. Mlango. Alipokosea nilimsahihisha. Nikamtolea na kipande cha bati kutoka kwenye takataka za Baba, nikamwonyesha jinsi ya kukiegemeza juu.

Akaanza kwenda, akarudi hatua mbili.

"Na mlango ya nyumba? Nikifunga hii baridi isiingie, moto haitazima?"

Naikumbuka siku nzima kwa sababu ya swali hilo. Alikuwa amenipa kila kitu. Mtu yeyote mwenye kusikia angesikia. Baba angeketi naye chini, angeuliza, moto ndani ya nyumba usiku kucha, mama, ni wa nini? Mimi nilisikia swali la darasani, na jibu nilikuwa nalo.

"Haizimi," nikamwambia. "Upepo ndiyo humaliza makaa haraka. Ukifunga ndiyo inakaa zaidi."

Uso wake ulitulia. Alisema asante, akasema asante tena, akashuka na njia ya reli kuelekea Kisumu Ndogo, ule mkono bado uko ndani ya sweta. Baba aliporudi nilimwambia hakuna aliyekuja. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni siri yangu nzuri, ambayo ningemtolea siku moja, siku ambayo yule mwanamke angerudi kunisifu mbele yake.

Jumapili tulikuwa kanisani. Jumatatu asubuhi, kwenye foleni ya maji, wanawake walikuwa wakisema kwa sauti za chini kwamba Kisumu Ndogo mtoto mchanga amekufa. Baba yake ni askari wa lindo, alirudi kutoka kazini akakuta mlango umefungwa kwa ndani, akabisha mpaka akauvunja. Mama mtu alikuwa chini, akakokotwa nje akatapika, akapata fahamu. Mtoto hakupata. Mmoja akasema ni mambo ya nyumbani yamewafuata, kuna mtu aliyewaroga. Mwingine akasema, "Wacha mambo ya uchawi. Ni jiko. Makaa ikifungiwa inaua, na haitoi hata moshi uone." Kisha yule wa kwanza akauliza kwa nini mtu awashe jiko alale nalo, kwani hana akili? Akajibiwa kwamba mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Alikuwa mdogo hata hajai viganja viwili. Hospitali walikuwa wamemwambia mama kitu kimoja tu: huyu mtoto asipate baridi. Alikuwa akimbeba kifuani mchana kutwa, ndani ya sweta ya baba yake.

Mtungi wangu ulikuwa umejaa na maji yakimwagikia miguuni. Mtu alinisukuma akaniambia nitoke, nifunge mfereji. Nilijua. Hakuna aliyenitazama wala kunitaja, na nilijua kila kitu kwa mara moja, ikiwa ni pamoja na kile nilichokidhani kuwa unga.

Sikumwambia mtu. Nilipaka majiko siku hiyo nzima, mengine mara mbili. Jioni Baba alikwenda kutoa pole, kwa kuwa wale watu walikuwa wa upande wetu wa nyumbani. Alikawia. Aliporudi hakuketi. Alisimama karibu na pazia lililogawa chumba chetu, akamwambia Mama awatoe wadogo zangu nje, kisha akanigeukia.

"Nimeona hilo jiko," akasema. "Majivu juu, mlango wa chini kidole kimoja. Hakuna mtu hufanya hivyo hii reli yote isipokuwa mimi. Nani alimfundisha?"

"Ni mimi."

Nilingoja kofi. Nililitamani, nawaambieni ukweli, maana kofi lina mwisho. Baba aliketi kwenye kitanda.

"Alikuuliza nini?"

"Makaa ikae mpaka asubuhi."

"Alikuwa anataka nini?"

"Makaa ikae mpaka asubuhi," nikarudia, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sababu nilisikia mwenyewe.

"Hapana. Hayo ni maneno tu. Yeye alikuwa anataka nini?"

"Mtoto asipate baridi."

Baba aliitikia kwa kichwa. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kwa hilo kuna njia. Unaweka mawe kwenye jiko nje, unayafunga kwa kitambaa, unamlaza mtoto katikati. Chupa ya maji moto. Ngozi ya mama yake. Angemwambia yote hayo kwa muda ule ule niliotumia mimi. Kisha akauliza, "Na wewe, nyara, ulikuwa unataka nini?" Nyara ni binti yangu, kwa lugha yetu.

Nilitafuta jibu lingine lolote duniani. "Nilitaka ajue kwamba najua," nikasema.

Nimewahi kuwasimulia watu wachache habari hii, na kila mmoja hunikimbilia na faraja: ulikuwa mtoto, hukujua, wangapi wamekufa hivyo. Yote ni kweli na hayanisaidii. Sikumjibu vibaya. Kila neno nililomwambia lilikuwa sahihi, na ningepewa mtihani ningepata yote. Hilo ndilo linaloniamsha. Siku hizi kazini watu wakiniuliza jambo dogo ninawazungusha, wanakwenda wakinung'unika kwamba yule mama ana maswali kama polisi. Wanung'unike.

Baba aliinuka, akaniambia nivae sweta. Nilidhani ananipeleka kwa polisi. Tulifuata reli, yeye mbele, mimi nikiruka taruma kwa taruma nyuma yake, na hakunishika mkono. Tulipofika Kisumu Ndogo watu walikuwa wameketi nje ya nyumba kwenye madebe na mawe, wanawake wakiimba kwa chini wimbo wa kanisani. Mlango uliovunjwa ulikuwa umeegemezwa ukutani. Baba alisimama mbele ya wote akasema, "Jiko ni langu, na maneno yalitoka kwa nyumba yangu." Kisha akanisogeza mbele.

Yule mwanamke alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nilijifunza hapo kwamba aliitwa Mama Hawi. Hawi ni bahati, ndilo jina walilokuwa wamempa mtoto. Alikuwa bado amevaa ile sweta, na mkono wake ulikuwa ndani yake, mahali pale pale, ingawa hapakuwa na kitu tena.

"Mama Hawi," nikasema, "ni mimi nilikuambia."

"Ndiyo, ni wewe." Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemkumbuka aliyemtendea wema. "Ulinieleza vizuri. Ilikaa mpaka asubuhi. Baba Hawi aliipata bado nyekundu."

Mtu mmoja nyuma alianza kulia, mwanamume, nadhani alikuwa ni baba wa mtoto. Mama Hawi alinisogelea kidogo kwenye mkeka, akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kumsumbua mwalimu.

"Sasa niambie. Mimi niliuliza vibaya? Nilifaa niulize aje?"

Alikuwa anauliza kwa kutaka kujua. Alimpita Baba, aliyekuwa fundi, akanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimemsaidia mara ya kwanza. Nilimtazama Baba aniokoe. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaelewa kwamba hili hatanijibia.

"Hapana," nikamwambia. "Uliuliza vizuri. Ni mimi sikukuuliza."

Kisha akautoa ule mkono ndani ya sweta, akanishika kiganja, akaniambia asante.